Mashine ya Wakfu na Mfumo wa Kila Mwaka

Nimeishi Temeke tangu ujanani, nimeozesha watu na nimezika watu, na namshukuru Mungu kwamba hakunijaalia hasira za karibu. Niliowafundisha madrasa watakwambia. Lakini lipo neno moja niliambiwa katika ile miaka ya ruksa, na mpaka leo likinijia kichwani huwa naacha ninachofanya, navuta uradi polepole mpaka kifua kitulie. Aliyelisema ni kijana muuzaji wa kompyuta. Alikuwa amekaa kwenye jamvi letu, mkononi ana kikombe cha kahawa yetu, akasema, "Mzee wangu, hii mashine yenu inazeeka ikiwa nzima."

Nieleze kwanza mashine yenyewe ilivyotufikia.

Mtaani kwetu alikuwapo seremala wa Keko, mtengenezaji wa vitanda na makabati. Kwa randa na msumeno hakuwa na mfano, lakini barua ya kuombea kazi ilimshinda. Kila aliposikia shule inataka madawati au ofisi inataka meza, ilimbidi aende mjini kumtafuta mpiga chapa, akae kwenye benchi kama mgonjwa wa zahanati, arudi jioni na karatasi moja. Akirudi alikuwa akilalamika barazani, "Jamani, mtaa wote huu hakuna hata binti mmoja anayejua kupiga chapa?"

Alipofariki, mjane wake alimaliza eda, akachukua fungu lake la mirathi, akaja kwangu pamoja na kaka yake. Akaniambia, "Maalim, nataka kumwekea marehemu wakfu."

Nilidhani atataja kisima, au majamvi, au misahafu ya watoto. Akasema, "Kompyuta."

Asiyejua wakfu nimweleze kwa ufupi. Ni mali unayoitoa kwa ajili ya Mungu, nayo ikishatolewa imefungwa hapo. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Manufaa yake ndiyo yanayotembea, na watu wakiendelea kunufaika nayo, thawabu zinaendelea kumfikia aliyekusudiwa hata akiwa kaburini. Na sharti la mwenye kuweka wakfu lazima liheshimiwe. Sharti la mama huyu lilikuwa dogo: wafundishwe mabinti wa mtaani kupiga chapa, wa dini yoyote, na thawabu zimwendee mumewe.

Sisi tulioonja miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni tulikuwa tukijua kompyuta ni kitu cha serikali na cha kibali. Kisha ikaja ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa, na vitu vikaingia kwa pamoja kama mafuriko: redio za kila namna, majokofu yaliyokwisha kutumika, nguo za marobota pale Manzese, na kompyuta zilizochokwa na ofisi za Ulaya. Sisemi vibaya. Wapo waliofaidika na mimi ni mmoja wao, na neema ya Mungu haikanushwi. Yetu ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala, na kioo cheusi kilichotoa herufi nyeupe. Wenzake marehemu wa Keko waliichongea meza ya mninga, wakakataa hata nauli ya mkokoteni.

Tuliiweka katika chumba cha nyuma ya madrasa. Mwalimu tulimpata jirani: mama mmoja Mkristo kutoka nyanda za juu, aliyekuwa mpiga chapa katika shirika la umma mpaka shirika lilipobinafsishwa na yeye akapunguzwa kazi. Alikuwa akiingia uani kwetu amejitanda kanga, na hakuna aliyemwambia ajitande. Mabinti walimpenda kwa kuwa alikuwa mkali bila matusi.

Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, mjane alikuja akakaa kwenye kigoda mlangoni. Kusoma hakukujua vizuri. Alikuja kusikiliza vile vibonye vikigongwa. Siku moja aliniambia, "Maalim, kila wanapogonga najua yule kule thawabu zinamfikia." Sikuona neno la kuongeza wala la kupunguza.

Basi mambo yakaenda vizuri, mabinti wakapiga barua za posa, matangazo ya khitma, barua za maseremala wa Keko, mpaka alipokuja yule kijana.

Alikuja akiwa amevaa kofia ya vito iliyopigwa pasi ikasimama, akatoa shikamoo kwa kila mzee, mmoja mmoja. Alitufahamisha kwamba kompyuta ina programu mama inayoiamsha na kuisimamia, na programu nyingine zote, ya barua au ya hesabu, zinafanya kazi chini yake kama wanafunzi chini ya mwalimu. Hiyo ndiyo inaitwa mfumo. Na watengenezaji wake, alisema, wanatoa mfumo mpya kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo taasisi zinazokwenda na wakati zinalipia kila mwaka ili zisiachwe nyuma.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya madrasa alikuwa mstaafu wa bandari, mtu wa mzaha lakini haibiwi kirahisi. Akamuuliza, "Huu tulionao una ubaya gani?"

"Hauna ubaya, mzee. Ila ni wa zamani."

"Umeharibika?"

"Haujaharibika."

"Unakosea herufi? Mtoto akigonga alifu linatoka be?"

"Haukosei, mzee wangu."

"Sasa, mwanangu, bati la msikiti tunalibadili likivuja. Jamvi tunalibadili likitoboka. Huu wenu umetoboka wapi?"

Ndipo aliposema lile neno la kuzeeka ikiwa nzima.

Mwenyekiti alicheka hata akaweka kikombe chini. "Mbona mie nimezeeka nikiwa mzima? Nibadilishie na mie mfumo, bibi yako akupikie pilau!"

Tukacheka sote. Kijana naye alicheka, akangoja kicheko kiishe. Kisha akamgeukia mjane pale mlangoni, akashusha sauti kama mtu anayetoa pole ya msiba. "Mama yangu, mimi sisemi kwa ajili ya biashara. Mashine hii ikibaki na mfumo huu, hautapita muda mrefu haitawafaa hawa mabinti. Na ikiacha kuwafaa watu, wewe unajua kuliko mimi. Sadaka ya marehemu itakatika."

Nimekutana na wezi. Nimeibiwa viatu mlangoni mwa msikiti siku ya Idi, nikarudi nyumbani peku na nikamwombea aliyevichukua, kwa kuwa huenda alikuwa na haja. Lakini mtu anayevaa kofia, akaja nyumbani mwa Mungu, akachukua jambo ambalo mjane analitegemea ili alale usingizi, akaligeuza chambo cha kuuzia disketi, huyo nilikosa dua ya kumwombea. Nani alimpa khabari za kaburini? Malaika wa kuandika mema wanasubiri kwanza waone toleo gani limetoka kiwandani?

Niliyasema hayo, kwa maneno ya heshima zaidi. Lakini mjane alikuwa amejifunika kanga usoni na mabega yanatikisika, na mwanamume gani ataendelea kubishana mbele ya hilo? Mwenyekiti akasema, "Tulipe mara hii, maalim. Hata kama ni ujinga, utakuwa ujinga wa kheri. Habari ya kila mwaka tutazungumza baadaye."

Siku walipokuja kubadilisha mfumo mimi nilikuwa mazikoni Mbagala. Niliporudi niliambiwa kwamba wamechukua na zile disketi, vile visahani vilivyobeba mfumo wa zamani, ati bei tuliyopewa ni ya mtu anayerudisha cha zamani ndipo apewe kipya. Mwenyekiti aliwapa. Si wa kulaumiwa. Ukinunua mtungi wa gesi si unarudisha mtupu?

Mwanzoni tulifurahi. Kioo sasa kilikuwa na rangi na vijipicha, na kulikuwa na kile kidude cha kusukuma mezani wanachokiita kipanya. Mabinti walikizunguka wakisukumana. Lakini yalipoanza masomo, furaha iliisha. Binti anagonga, herufi haionekani. Anagonga tena, hakuna kitu. Kisha zinatoka zote kwa mkupuo, kama watu wanaotoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa, halafu kimya tena. Ile programu ya barua waliyoizoea ilikataa kufunguka. Printa nayo, iliyokuwa ikilia vizuri tu, ikawa inajaza ukurasa alama ambazo si Kiswahili wala Kiarabu wala Kiingereza.

Mwalimu alistahimili, kisha akanijia. "Shikamoo maalim. Nisamehe, lakini vidole vya hawa watoto vinaharibika. Wanajifunza kusubiri. Kupiga chapa hawajifunzi tena, na mtihani wa uhazili unakuja."

"Unafanyaje sasa?"

"Nimechora vibonye kwenye maboksi. Kila mmoja ana boksi lake."

Nilikwenda nikaona. Mabinti wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na kipande cha boksi la sabuni mapajani, wanagonga karatasi. Na kompyuta imekaa juu ya meza yake ya mninga, inawaka rangi zake, haina kazi.

Alhamisi ile mjane alikuja, akakaa kwenye kigoda chake. Alikaa muda mrefu. Vidole vikigonga boksi havitoi sauti. Mwishowe aliniita akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwishajijibu, "Maalim, imekatika?"

Nilimwambia nia yake ipo kwa Mungu na haiwezi kuguswa na mtu. Aliitikia kwa adabu. Lakini niliona kwamba hakuniamini, na niliumia, maana miaka yote nimekuwa mtu wa kuaminiwa katika mambo hayo, na sasa neno la muuzaji limekuwa na nguvu kuliko langu.

Tukamwita kijana. Alikuja, akaitazama mashine, akatikisa kichwa kama daktari. "Mashine yenu ni ndogo, wazee. Mfumo huu unataka ile sehemu ya ndani ya kumbukumbu iongezwe. Na nisiwafiche, kuna mwingine mpya zaidi unakuja. Afadhali mjiunge tu na ule utaratibu wa kila mwaka, msisumbuke."

Mwenyekiti akamwuliza, "Ulipotuuzia hukujua mashine ni ndogo?"

"Wakati ule ilikuwa inatosha, mzee."

"Ikapungua?"

Kabla kijana hajajibu, niliona mjane anavua bangili. Bangili zake za harusi, ambazo hakuziuza hata mumewe alipougua. Alizivua kwa mate, kwa kuwa mkono ulikuwa umenenepa. Akazipakata juu ya kanga, akasema, "Hizi zitatosha mwaka mmoja?"

Na yule kijana, Mungu ananiona, alizitazama akizipima kwa macho.

Nilisimama. Nilimwambia mjane, "Mama, vaa bangili zako." Nilimwambia kijana, "Wewe nenda. Kesho nitakuja mimi."

Duka lao lilikuwa mjini, upande wa Posta, lenye vioo na baridi ya mashine. Niliingia asubuhi na kanzu yangu na bakora. Dada wa mapokezi alikuwa mstaarabu. "Shikamoo babu. Una miadi?"

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuchukua disketi za wakfu wa madrasa yetu. Aliyezichukua anajua."

"Ametoka. Huenda asirudi leo."

"Nitamsubiri. Kusubiri nimewafundisha watu, si kazi ngeni kwangu."

Nilikaa kwenye kiti laini, nikatoa tasbihi, nikavuta uradi. Wateja waliingia na kutoka, wengine walinipa shikamoo wakidhani mimi ndiye mwenye duka. Adhuhuri ilipoingia, niliomba maji nikatia udhu msalani kwao, nikarudi nikatandika mswala katikati ya zulia, baina ya kompyuta mpya zilizopangwa, nikaswali. Sikuharakisha. Wateja wakawa wanapita pembeni kwa heshima, viatu mkononi. Nilipotoa salamu ya mwisho, yule kijana niliyeambiwa ametoka alikuwa amesimama mlango wa ndani. Tai shingoni, kofia hana.

"Mzee wangu, mbona unanitia aibu mbele ya wateja?"

"Aibu ya nini? Nimeswali. Wewe umekwishaswali?"

Akajipangusa uso kwa kiganja. "Maalim, zile disketi ni za zamani. Hazina thamani. Na mlikubali wenyewe kuzirudisha."

"Kama hazina thamani ulizitakia nini?"

Akalegeza tai.

"Sikiliza mwanangu. Wewe ulikuja kwetu ukatusomesha habari za sadaka, kwa hiyo najua chuo cha Kurani ulipita. Wakfu unauzwa?"

"Hauuzwi."

"Unarithiwa?"

"Haurithiwi."

"Unatolewa zawadi, au badala ya punguzo la bei?"

Dada wa mapokezi alikuwa ameacha kalamu, anasikiliza.

"Mwenyekiti wangu hakuwa na mamlaka ya kukupa, wala mimi sina. Mali ile si yetu. Umeshika kitu cha maiti aliyekwisha kutangulia, na utakutana naye. Sikutishi."

"Unanitisha, maalim," alisema. Na ni kweli alikuwa ametishika, maana jasho lilimtoka katika baridi ile.

Aliingia ndani, akarudi na disketi zetu, bado zimefungwa kwa mpira, mwandiko wa mwalimu wetu juu yake. Kwa mlango uliobaki wazi niliona sanduku lililojaa nyingine, mafungu mafungu, kila moja na karatasi yake: hii ya shule, hii ya zahanati, hii ya parokia. Wote hao walikuwa wamenyang'anywa njia ya kurudia walikotoka, ili wasiwe na pa kwenda ila mbele, kwake, kila mwaka. Nilisimama nikaliangalia sanduku lile hata dada wa mapokezi akaja kuniuliza kama najisikia vizuri. Tungefungwa kamba tungejua kwamba tumefungwa. Kamba hii waliifunga kwa maneno ya maendeleo, na tukailipia wenyewe, tukashukuru.

Mwalimu alirudisha mfumo wa zamani siku iliyofuata. Kioo kikawa cheusi tena, herufi zikawa nyeupe, na kila iliyogongwa ilitoka papo hapo. Printa ikalia.

Tukakaa kikao barazani, na safari hii tukamtaka mjane aketi nasi, kwa kuwa sharti la wakfu ni lake. Mwenyekiti alimwuliza, "Mama, tulipie mfumo mpya kila baada ya muda gani? Wewe sema, sisi tufuate."

Alifikiri. "Wakati marehemu anafanya kazi, patasi alikuwa anabadili lini?"

"Ikishindwa kukata," alisema mwenyekiti.

"Hakuna mtu wa dukani aliyekuja kumwambia sasa badili. Basi siku mwalimu akisema binti ameshindwa kazi kwa sababu ya mashine, niambieni, tutalipa, hata kwa bangili. Siku nyingine zote msiniambie kitu."

Ndivyo tulivyokwenda. Na siku hiyo ilifika, sitaki kudanganya. Miaka ilipita, mabinti wakawa wanarudi kutoka kwenye usaili wa kazi wakisema ofisi zote sasa zinatumia vijipicha na kipanya, na wao hawavijui. Mwalimu akasema imefika. Tukatafuta mashine nyingine kubwa zaidi ya kuiweka kando ya ile, tukalipia mfumo wake mara moja, na hakuna aliyelia. Hicho ndicho ninachokiita kulipa. Kile cha kwanza sijui nikiite nini.

Lakini kabla ya hapo yule kijana alirudi mara moja. Ilikuwa Alhamisi. Kofia alikuwa ameivaa tena, na mkononi ana makaratasi yenye picha za rangi. Mwenyekiti hakuwapo, na mimi niliamua kunyamaza, kwa kuwa sikuuamini ulimi wangu. Akachuchumaa karibu na kigoda cha mjane.

"Shikamoo mama. Mama, kile mlichonacho siku hizi hakuna anayekitumia tena."

Mjane alinyoosha kidevu kuelekea chumbani, ambako binti mmoja alikuwa anapiga barua ya seremala wa Keko bila kutazama vidole vyake. "Anayekitumia yule pale."

"Namaanisha duniani, mama."

"Na yule yuko wapi?"

Kijana akatabasamu, akaanza tena kwa ile sauti yake ya msiba. "Mimi naogopa tu, mama, ile sadaka ya marehemu..."

"Mwanangu," alisema mjane, na hakupandisha sauti, "inafika inakofika. Anayeipeleka hajawahi kukutuma wewe. Wewe si tarishi wake."

Vibonye viliendelea kugongwa. Kijana alibaki amechuchumaa, makaratasi mkononi, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Kisha akaomba maji ya kunywa. Mjane alinyanyuka mwenyewe akaenda kumletea.